Mguu umekatwa, maumivu yamebaki: jinsi kioo kinavyosaidia

Mgonjwa aliyekatwa mguu akisema vidole vya mguu ule vinawaka moto, au vimejikunja na havikunjuki, msimbishie. Hajachanganyikiwa wala hajarogwa. Zaidi ya nusu ya waliokatwa kiungo hupata maumivu haya, awe amekatwa kwa sababu ya kisukari au ajali ya bodaboda. Mishipa ya fahamu iliyokatwa huendelea kupeleka taarifa, na ubongo bado una sehemu yake inayosimamia mguu huo.

Wengi wanaokuja kwetu fiziotherapia wamekwisha meza dawa nyingi, lakini hakuna aliyewahi kuwaambia habari za kioo. Hilo linaniuma, maana kioo kinapatikana karibu kila nyumba. Njia hii ilianzishwa na V. S. Ramachandran, mtaalamu wa ubongo, huko California, Marekani, miaka ya 1990.

Tafuta kioo kirefu kisicho na nyufa. Kaa kitandani, kisimamishe katikati ya mapaja, upande unaoonyesha ukielekea mguu mzima, na kigutu kifichike nyuma yake. Vua saa, pete au kikuku kwa upande mzima, maana ubongo ukiona kitu ambacho upande wa pili haukuwa nacho, hauamini. Sasa inama kidogo utazame ndani ya kioo: utaona miguu miwili. Pandisha kisigino taratibu, zungusha kifundo, kunja vidole na kuvikunjua, huku ukijaribu kufanya vivyo hivyo kwa mguu usiokuwepo. Kama vidole vile unavihisi vimekaza, hapo ndipo pa kukaa zaidi: vikunjue polepole, tena na tena.

Fanya dakika 15 kila siku, kwa wiki 4, kabla ya kusema haifai. Utaratibu huo ndio uliotumika katika utafiti wa hospitali ya kijeshi ya Walter Reed, Marekani, uliochapishwa mwaka 2007. Waliotumia kioo wote walisema maumivu yamepungua. Walikuwa watu 6 tu, kwa hiyo siahidi kwamba kila mtu atapona. Wawili kati yao walipatwa na majonzi kwa muda mfupi baada ya kuuona mguu tena, basi siku za mwanzo ndugu akae karibu. Ukipata kizunguzungu au maumivu yakizidi, acha, urudi kwa mtaalamu. Aliyekatwa miguu yote miwili anaweza kutazama miguu ya mtu mwingine ikisogea huku akiiga.

Kidonda kikishafunga vizuri, zoesha kigutu kuguswa: kisugue kwa kiganja, kisha khanga laini, kisha taulo. Bendeji ya mpira ifungwe kwa kupishanisha, ikaze zaidi mwishoni mwa kigutu na kulegea kuelekea juu. Ikileta ganzi, ifungue. Mguu bandia unaokaa vizuri nao huwapunguzia wengi maumivu. Chupa ya maji ya moto usiiweke, hasa mwenye kisukari, kwani ataungua bila kuhisi.

Dawa ulizoandikiwa usiziache bila kuzungumza na daktari. Na kama kigutu chenyewe kimevimba, kina joto, kinatoa usaha, au kina sehemu moja inayochoma kama umeme ukiibonyeza, kioo hakitatibu hilo. Nenda hospitali.