Mjamzito hali kwa ajili ya wawili

"Kula mwanangu, mko wawili!" Ndivyo mashangazi wa Mbagala wanavyosema, huku wali ukiongezwa sahanini. Kesho yake kliniki uzito unasomwa kwa sauti mbele ya benchi zima, na dada mnene anavuta khanga ajifunike mikono. Nyumbani anashindiliwa, kliniki anaaibishwa. Wapo wanaoacha kabisa kuhudhuria, nami hilo linaniuma, maana presha na kisukari cha mimba hugunduliwa kwa vipimo vya hukohuko kliniki.

Kwa kawaida, miezi 3 ya kwanza haidai chakula cha ziada. Mwongozo wa Marekani wa 2009 unamshauri mwenye BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) ya 30 na zaidi kabla ya mimba aongezeke kilo 5 hadi 9 hivi kwa mimba nzima. Kujinyima ili upungue nako hakushauriwi. Mwombe nesi akutajie uzito wako taratibu, pembeni.