Sharti Tangulizi katika Mkataba wa Kununua Nyumba

Sharti tangulizi ni kifungu cha mkataba wa mauziano kinachoeleza kwamba mnunuzi atalazimika kukamilisha ununuzi pale tu jambo lililotajwa litakapokuwa limetimia, na kwamba lisipotimia ana haki ya kujitoa bila kuhesabiwa kuwa amevunja mkataba. Anayetia saini mkataba usio na kifungu cha namna hii kwa kawaida amejifunga kulipa bei yote siku iliyopangwa, hata benki ikimnyima mkopo, na hata ikibainika kwamba msingi wa nyumba umepasuka. Akishindwa kulipa, mvunja mkataba ni yeye, na mara nyingi arubuni (malipo ya awali) aliyoitoa huipoteza.

Haja ya kinga hii inatokana na ukweli kwamba muuzaji anaijua nyumba yake, ilhali mnunuzi ameitembelea mara mbili au tatu tu. Katika nchi zinazofuata mapokeo ya sheria ya Uingereza, kanuni ya kale ni kwamba mnunuzi ajihadhari mwenyewe: muuzaji haruhusiwi kudanganya, lakini kwa kawaida halazimiki kutaja kasoro ambazo mnunuzi angeziona kama angekagua. Sheria ya Ufaransa humwajibisha muuzaji kwa kasoro zilizofichika, lakini hata huko muuzaji wa kawaida, asiyezijua kasoro hizo, anaweza kujiondolea wajibu huo kwa kifungu cha mkataba. Kwa hiyo yaliyoandikwa kabla ya saini ndiyo yenye uzito, na ahadi ya mdomo, hata ikitolewa kwa nia njema, ni vigumu sana kuithibitisha baadaye.

Sharti la mkopo ndilo linaloandikwa ovyo zaidi. Maneno kama “mnunuzi atanunua iwapo atapata mkopo” yanaonekana kutosha, lakini hayasemi ni mkopo wa kiasi gani, kwa riba isiyozidi ipi, wala kufikia tarehe gani. Tena benki hukopesha kwa kuangalia thamani iliyokadiriwa na mthamini, si bei waliyopatana wahusika peke yake. Tuseme bei ni milioni 100 na benki hukopesha asilimia 80. Mnunuzi amejiandaa kutoa milioni 20, lakini mthamini anaikadiria nyumba kuwa na thamani ya milioni 85. Mkopo sasa ni milioni 68, na mnunuzi anatakiwa kutafuta milioni 32. Kwa kuwa mkopo umepatikana, muuzaji anaweza kudai kwamba sharti limetimia. Ndiyo maana kiasi cha chini kinachokubalika lazima kitajwe kwa tarakimu, pamoja na aina ya barua ya benki itakayokuwa ushahidi kwamba ombi limekataliwa. Mnunuzi naye ana wajibu wa kuomba mkopo kwa dhati na kwa wakati, kwa sababu aliyekaa kimya mpaka muda ukapita hawezi kujificha nyuma ya sharti hilo.

Sharti la umiliki huhitaji upekuzi katika masjala ya ardhi, nao ni bora ufanyike mara mbili, kabla ya kutia saini na tena kabla ya kulipa salio, kwani rehani au zuio la mahakama linaweza kusajiliwa katikati. Kuhusu ukaguzi wa jengo, napendelea kifungu kinachomwachia mnunuzi aamue mwenyewe kama ameridhika na ripoti ya mkaguzi. Kifungu kinachodai “kasoro kubwa” huzaa ugomvi juu ya ukubwa wenyewe.

Yote haya hayana nguvu kamili ikiwa arubuni imeshaingia mfukoni mwa muuzaji, maana mnunuzi mwenye haki ya kurudishiwa fedha zilizokwisha kutumika amebaki na kesi tu. Fedha hizo zishikwe na mtu wa tatu anayeaminika kisheria, kama vile wakili katika akaunti ya amana, na mkataba utaje zitarudishwa lini na kwa taarifa ya namna gani.

Mnunuzi akishinikizwa kuyaachilia masharti ili awashinde wanunuzi wengine, ukaguzi na upekuzi anaweza kuvikamilisha kabla ya saini, lakini sharti la mkopo asiliachilie kamwe kama hana fedha taslimu za kuziba pengo. Asome pia kinachotokea tarehe ya mwisho ikipita, kwani katika baadhi ya mikataba ukimya wake huhesabiwa kuwa ameliacha sharti, na katika mingine mkataba wenyewe hufa. Akihitaji siku zaidi, nyongeza hiyo iandikwe na kusainiwa na pande zote mbili kabla ya tarehe hiyo, wala asiridhike na neno la dalali kwamba muuzaji amekubali.