Mvua za vuli na gari la kampuni: yanayosemwa kijiweni na ukweli wake

Vuli zikikaribia, kuanzia Oktoba hadi Desemba, madereva wa ofisi na miradi huanza kupeana mawaidha. Mengine ni ya maana. Haya yafuatayo yanaua watu.

"Mkonga haushindwi na mto." Hili naliogopa kuliko yote, kwa sababu wanaoliamini ni madereva wazoefu, waliokabidhiwa Land Cruiser na watu wanne nyuma. Mkonga, lile bomba linalopanda ubavuni mwa gari, unapandisha juu mahali injini inapovutia hewa ili isinywe maji. Basi, kazi yake imeishia hapo. Hauzuii gari kuelea, wala hauzuii maji kulisukuma ubavuni. Maji ya kina cha sentimita 30 yanaweza kuelesha magari mengi madogo, na yakifika sentimita 60 yakiwa yanakwenda kasi, husomba magari mengi, pikapu na fowili (zinazovutwa na magurudumu yote manne) zikiwemo. Tena maji ya mafuriko ni ya tope: huoni kama daraja mfuto, lile la chini ambalo maji hupita juu yake, bado lipo au limeshakatika.

Tarehe 4 Desemba 2021, Mwingi katika kaunti ya Kitui, Kenya, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini liliingia katika mto Enziu uliokuwa umefurika juu ya barabara. Watu walikuwa wamesimama ukingoni wakitazama. Basi lilisukumwa pembeni, likazama, na zaidi ya watu 30 wakafa. Basi lile lilikuwa zito kuliko Land Cruiser yoyote ya mradi. Mito ya maeneo makavu hujaa kwa mvua iliyonyesha mbali, hata kama ulipo jua linawaka, na mara nyingi hupungua baada ya saa chache. Kwa hiyo dereva anayeambiwa "wahi kabla hayajaongezeka" anashauriwa vibaya sana.

"Manyunyu si mvua, endesha kama kawaida." Manyunyu ya kwanza baada ya kiangazi ndiyo yanayotelezesha zaidi. Miezi yote hiyo lami imekusanya vumbi, mabaki ya mpira wa tairi na oili iliyodondoka, hasa vituoni na kwenye mataa. Maji kidogo huchanganya vyote hivyo bila kuviosha. Mvua kubwa ikipiga muda mrefu, angalau uchafu huo huondoka, ingawa hapo unakuja ugumu mwingine, wa maji yaliyotuama.

"Punguza upepo, tairi lishike vizuri." Ushauri huu una asili yake kwenye mchanga na tope, ambako tairi pana husaidia kwa mwendo mdogo. Kwenye lami yenye maji, mambo yanageuka. Tairi lisilo na upepo wa kutosha hukosa nguvu ya kuyasukuma maji pembeni, likaanza kuelea juu yake, na hapo usukani unakuwa mwepesi ghafla huku gari likienda linakotaka. Likitokea hilo, ondoa mguu kwenye mafuta taratibu, shika usukani ulivyo, usikanyage breki kwa nguvu. Upepo sahihi mara nyingi umeandikwa kwenye kibandiko karibu na mlango wa dereva. Tairi kipara nalo lina hatari ileile hata likijazwa upepo sawasawa. Ukipewa gari lenye tairi kama hilo, andika kwenye kitabu cha gari na umjulishe msimamizi kabla ya safari, kwa maandishi.

"Mvua ikizidi, washa taa zote nne." Wengi hufanya hivi kwa nia njema kabisa. Lakini kwenye magari mengi, taa hizo zikiwaka indiketa hazionekani tena, kwa hiyo wa nyuma yako hawezi kujua kama unapita au unakata kona. Gari likitembea, washa taa kuu za chini. Zile nne ni za gari lililosimama au lenye hitilafu. Kama huoni mbele kabisa, toka nje ya barabara mahali salama ndipo uziwashe.

Wapo pia wanaosema fowili na breki za kisasa zinatosha kwenye utelezi. Kwa ufupi: fowili inasaidia kuondoka, haisaidii kusimama. Kwa kilomita 80 kwa saa gari linakata takriban mita 22 kila sekunde, na lami ikilowa, hata kwa breki hizo, umbali wa kusimama unaweza kuwa mara mbili au zaidi. Achia nafasi ya sekunde nne mbele yako badala ya mbili.

"Gari ni la kampuni, bima ipo." Bima hulipa hasara tu. Shtaka la kuendesha kwa uzembe linasomwa kwa jina la aliyeshika usukani, na leseni ni yake.

Na kuna lile ambalo husemwa na ofisi zaidi kuliko madereva: "Lazima mfike leo." Dereva mwenye mkataba wa miezi michache hawezi kukataa mto kirahisi huku bosi akipiga simu kila nusu saa. Mwenye kampuni anayejali watu wake atoe agizo kabla ya Oktoba, kwa maandishi na mbele ya wakuu wa idara wote: maji yakiwa juu ya barabara, dereva anasimama, abiria yeyote hana ruhusa ya kubishana naye, na posho ya kulala njiani italipwa.