"Sikuitengeneza, Nimesambaza Tu": Picha za Kampeni na Sheria

Kila kampeni zinapokaribia, wateja wangu, wengi wao wakiwa wasimamizi wa makundi ya WhatsApp ya vyama, huja na utetezi uleule: "Wakili, picha ile sikuitengeneza mimi, nimesambaza tu." Nimechoka kuusikia. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015 hakimuulizi mtu kama anajua kuhariri picha. Kinamshika anayechapisha kwenye mfumo wa kompyuta taarifa iliyo katika picha, maandishi, alama au namna nyingine yoyote, akijua kuwa ni ya uongo au ya kupotosha, kwa nia ya kukashifu, kutishia, kutukana au kuuhadaa umma. Kuchapisha, kwa tafsiri ya sheria hiyo, ni pamoja na kusambaza. Maneno "kama ilivyopokelewa" yanayobandikwa chini ya picha hayamwokoi mtu, kwa kuwa kinachopimwa ni kujua na kukusudia, mambo ambayo upande wa mashtaka hutakiwa kuyathibitisha na ambayo mara nyingi mshtakiwa amekwisha kuyathibitisha mwenyewe, kwa kuandika kwenye kundi lilelile, "Najua imeungwa, lakini itawauma." Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili; wateja huisoma milioni 5 hiyo kama ukomo wa juu, ilhali ndiyo sakafu. Ushauri wangu haubadiliki: itafute picha ya awali kabla ya kutuma, na ukiikosa, usitume.

Wengine husema tusubiri kwanza sheria ya akili mnemba. Ya nini, wakati kifungu cha 16 hakijali chombo kilichotumika? Sheria inayotaja chombo ndiyo huacha mwanya: Texas mwaka 2019 ilipiga marufuku video bandia zinazotolewa ndani ya siku 30 kabla ya uchaguzi ili kumdhuru mgombea, na kwa kuwa ilitaja video, picha mnato zikabaki nje.

Wapo pia wanaoamini kwamba lebo inayokiri kuwa picha si halisi hufuta kosa. Mwaka 1950 huko Maryland, Seneta Millard Tydings aliunganishwa katika picha moja na Earl Browder, aliyekuwa kiongozi wa Wakomunisti wa Marekani, na maelezo ya chini yalikiri kwamba picha hiyo ni ya kuunganishwa. Waliokusudia wawili hao waonekane wakizungumza walikuwa wamekwisha kupata walichotaka. Kwetu, lebo inayosomeka wazi inaweza kusaidia kuonyesha kwamba hukukusudia kuhadaa. Iliyoandikwa kwa herufi za sisimizi haisaidii.

Na kwa wanaonitajia California: ni kweli kwamba Oktoba 2024 Jaji John Mendez alisitisha sehemu kubwa ya sheria ya huko dhidi ya picha na video bandia za uchaguzi, kwa msingi wa uhuru wa maoni ulio katika Katiba ya Marekani. Uamuzi huo haumfungi hakimu wa Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam.