Tezi za adrenali zikishindwa kazi: maswali na majibu

Tezi za adrenali ziko wapi, na zinafanya nini?

Ni tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo, kila moja ina uzito wa gramu 4 au 5 hivi. Ganda lake la nje hutoa kotisoli, homoni inayoshikilia presha na sukari ya damu, na aldosteroni, inayozuia chumvi isiishie kwenye mkojo. Ukishikwa na malaria, ukivunjika mguu au ukifanyiwa upasuaji, tezi nzima huongeza kotisoli mara kadhaa bila wewe kujua. Mwenye tezi dhaifu hana akiba hiyo. Siku za kawaida hujikongoja, siku ya homa anaanguka.

Zinaharibiwa na nini?

Daktari Thomas Addison alipoueleza ugonjwa huu London mwaka 1855, wengi wa wagonjwa wake walikuwa na kifua kikuu kilichoingia kwenye tezi. Leo Ulaya na Marekani chanzo kikuu ni kinga ya mwili kuzishambulia tezi zenyewe, lakini Afrika Mashariki kifua kikuu bado lazima kifikiriwe mapema, pamoja na VVU iliyokomaa. Tezi huliwa polepole, na dalili hutokea sehemu kubwa sana ikiwa imeshakufa. Ndiyo maana hata TB ikipona, mara nyingi tezi hazirudi.

Hatari nyingine iko kwenye matibabu yenyewe ya TB: rifampisini huharakisha ini kuivunja kotisoli. Mgonjwa aliyekuwa akijimudu kabla ya dawa anaweza kuzidiwa wiki chache baada ya kuzianza, na watu wakadhani dawa za TB “zimemkataa”.

Wakati mwingine tezi ni nzima ila haziamriwi na pituitari, tezi iliyo chini ya ubongo. Mama aliyetoka damu nyingi sana wakati wa kujifungua, kisha maziwa hayakutoka, hedhi haikurudi na uchovu hauishi, apimwe pituitari hata kama ni miaka mingi imepita.

Krimu ya ngozi inaweza kufika huko?

Inaweza, na kwa maoni yetu hapa ndipo penye kesi nyingi zinazopuuzwa. Steroidi (dawa zinazofanya kazi kama kotisoli) kutoka nje ikizidi mwilini, pituitari huacha kuziamuru tezi, nazo husinyaa. Prednisoloni ya miligramu 5 au zaidi kila siku kwa wiki 4 inatosha kuleta hali hiyo. Krimu zenye klobetasoli, zinazochanganywa kwenye mkorogo na kupakwa mwili mzima, nazo hupenya. Kikomo chake hospitalini ni gramu 50 kwa wiki, tena kwa wiki 2 tu. Ongeza hapo vidonge vya kunenepesha na “dawa za asili” za maumivu ya viungo: baadhi vimetiwa deksamethasoni bila kuandikwa popote. Mwenye VVU anayetumia dawa yenye ritonavir naye awe macho, kwa sababu hata steroidi ya kuvuta kwa pumu au sindano ya goti hubaki mwilini muda mrefu mno.

Tatizo huanza siku ya kuacha ghafla. Krimu imeisha, pesa hakuna, na baada ya siku chache mtu anatapika, amelegea, presha iko chini. Usiache kwa mkupuo. Nenda kituoni na tyubu au vidonge vyenyewe mkononi. Dozi itashushwa hatua kwa hatua, na ile ya mwisho hushushwa polepole kuliko zote. Kwa wengine tezi huchukua miezi kuamka.

Nitatambuaje?

Uchovu peke yake hautoshi, maana kila mtu amechoka. Angalia mkusanyiko: kukonda, kukosa hamu ya kula, kichefuchefu, tumbo kuuma, kizunguzungu unaposimama, na hamu isiyo ya kawaida ya chumvi, hadi mtu anailamba kavu.

Tezi zenyewe zikiharibika, ngozi pia huwa nyeusi zaidi. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi usitazame uso, utadanganyika. Kunjua kiganja mwangani uone kama mistari yake imekuwa myeusi kuliko nyama iliyo pembeni. Inua mdomo utazame fizi kama zina mabaka mapya. Tazama vifundo vya vidole na makovu ya karibuni, kisha linganisha na picha ya mwaka juzi. Kama chanzo ni steroidi au pituitari, weusi huu hautokei, kwa hiyo kukosekana kwake hakumwondolei mtu shaka.

Presha ipimwe mgonjwa akiwa amelala dakika 5, kisha baada ya kusimama dakika 1 na dakika 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, ni ishara ya kufuatilia.

Vipimo gani vinathibitisha?

Kotisoli ya damu, ichukuliwe asubuhi saa 2 hadi saa 3. Ikitolewa alasiri, namba ndogo haina maana. Chini ya nanomoli 140 kwa lita (mikrogramu 5 kwa desilita), huku ACTH, homoni ambayo pituitari hutumia kuziamuru tezi, ikiwa imepanda zaidi ya maradufu ya kiwango cha juu, inaelekeza kwenye tezi zenyewe. Kwa ambao majibu hayako wazi, hudungwa sinakteni (dawa inayoziamuru tezi kama ACTH) mikrogramu 250 na kotisoli hupimwa tena baada ya dakika 30 au 60. Sodiamu kuwa chini na potasiamu kuwa juu huongeza uzito. Mtajie daktari steroidi yoyote unayotumia: prednisoloni huweza kusomwa na mashine kana kwamba ni kotisoli.

Mgonjwa aliyezidiwa asisubirishwe majibu. Damu itolewe, dawa ianze.

Na “uchovu wa adrenali” unaotangazwa mitandaoni?

Si ugonjwa unaotambuliwa na wataalamu wa homoni. Virutubisho vya “kuamsha tezi” havirudishi kotisoli, na baadhi ya vilivyopimwa Marekani vilikutwa na homoni zisizoandikwa kwenye kopo.

Matibabu ni yapi?

Kurudisha kinachokosekana. Mtu mzima humeza haidrokotisoni (kotisoli ya dawa) miligramu 15 hadi 25 kwa siku, kwa mafungu 2 au 3: kubwa mara tu anapoamka, la mwisho ukiwa umebaki muda wa saa 4 hadi 6 kabla ya kulala, la sivyo usingizi hauji. Isipopatikana, prednisoloni miligramu 3 hadi 5 asubuhi hutumika. Tezi zenyewe zikiwa zimekufa, huongezwa fludrokotisoni (inayoshika nafasi ya aldosteroni) mikrogramu 50 hadi 100 kwa siku. Anayetumia rifampisini kwa kawaida huhitaji haidrokotisoni zaidi, mara nyingi maradufu; daktari ndiye apange.

Huyu hapaswi kupunguziwa chumvi. Wakati wa joto kali, au kwa anayefanya kazi za jasho, chumvi huongezwa.

Nikiugua nifanyeje?

Homa ikizidi nyuzi 38, dozi ya haidrokotisoni ni mara mbili. Ikizidi 39, mara tatu, hadi upone, kwa kawaida siku 2 au 3. Malaria ipimwe na itibiwe sambamba. Ukitapika kidonge na ukashindwa kukirudia, au ukiharisha sana, ni sindano: haidrokotisoni miligramu 100. Unga wa dawa hiyo huchanganywa na maji ya sindano mililita 2, hutikiswa hadi uwe maji maangavu, na hudungwa kwenye msuli wa upande wa nje wa paja, katikati. Mtoto wa mwaka 1 hadi 5 hupewa miligramu 50, yaani nusu ya hiyo, na aliye chini ya mwaka mmoja hupewa miligramu 25. Baada ya hapo, hospitali moja kwa moja: dripu ya chumvi lita 1 ndani ya saa ya kwanza kwa mtu mzima, na sukari ipimwe.

Tembea na kadi iliyoandikwa: “Tezi za adrenali hazifanyi kazi. Nikizidiwa nipewe haidrokotisoni miligramu 100 mara moja.” Mjamzito aionyeshe leba mapema.

Naweza kufunga Ramadhani?

Zungumza na daktari wiki kadhaa kabla. Haidrokotisoni haidumu mchana kutwa, kwa hiyo baadhi huhamishiwa prednisoloni miligramu 5 wakati wa daku. Aliyezidiwa na kulazwa mwaka huu, mjamzito, au mwenye kisukari pia, ushauri ni asifunge. Kizunguzungu, homa au kutapika vikianza hata saa 11 jioni, fungua hapo hapo, meza dawa na kunywa maji yenye chumvi na sukari.