Pombe kwa vijana: mvulana mkorofi, binti mkimya na yale tunayoyadhania

Dhana: Pombe ni tatizo la wavulana

Wavulana ndio wanaoonekana, kwa sababu hunywa vijiweni na wakilewa hupigana. Binti hunywea chumbani kwa rafiki, kwenye chupa ya soda, kisha anapiga mswaki. Na mwili wake una maji kidogo kuliko wa mvulana wa uzito uleule, hivyo kiasi kilekile cha pombe humpanda zaidi kwenye damu.

Piga hesabu. Dodoso la AUDIT la Shirika la Afya Duniani huchukua gramu 10 za pombe halisi kuwa kipimo kimoja. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina kama gramu 20: vipimo viwili. Chupa bapa ya mililita 200 ya kinywaji kikali cha asilimia 40 ina kama gramu 63, na ini huondoa takriban kipimo kimoja kwa saa. Mabinti wawili wakigawana chupa hiyo saa mbili usiku, saa tano bado wana pombe mwilini.

Dhana: Mkimya yuko salama, mtukutu ndiye mlevi wa kesho

Nusu yake ni kweli, ndiyo maana haifi. Tafiti nyingi huona uhusiano wa wazi kati ya matatizo ya tabia (utoro, udokozi, ugomvi) na unywaji wa hatari. Kwa wasiwasi na sonona, matokeo hayaelekei upande mmoja: kijana anayeogopa watu huenda akakwepa sherehe pamoja na pombe yake, mwingine hunywa ili apate usingizi.

Kosa kubwa ni kugawa haya kwa jinsia. Ni kweli kwamba tangu balehe mabinti hueleza zaidi huzuni na wasiwasi, na wavulana huonesha zaidi ukorofi. Lakini sonona ya mvulana mara nyingi hujitokeza kama hasira za karibu, naye huchapwa badala ya kuulizwa analalaje. Binti mtoro aliyekutwa amelewa huitwa malaya, na maswali yanaishia hapo. Hawa wawili ndio tunaowapoteza.

Dhana: Bora aonjeshwe nyumbani, ajifunze kiasi

Utafiti wa Australia uliofuatilia vijana kwa miaka sita na kuchapishwa 2018 haukuona kinga yoyote. Waliopewa pombe na wazazi walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuipata pia kwingine.

Dhana: Fimbo na kufukuzwa shule vitamkomesha

Vinamfundisha kuficha. Msubiri pombe imtoke kabisa, kaa naye peke yenu, kisha muulize: Umewahi kupanda gari au bodaboda ambayo dereva wake, au wewe mwenyewe, alikuwa amelewa? Unakunywa ili utulie? Unakunywa ukiwa peke yako? Umewahi kusahau ulichofanya ukiwa umekunywa? Ndugu au marafiki wamekuambia upunguze? Pombe imewahi kukuingiza matatani?

“Ndiyo” mbili au zaidi zinatosha kumpeleka kwa mtaalamu. Usiishie kwenye pombe: uliza usingizi, hamu ya kula, na kama amewahi kuwaza kufa. Kuuliza hivyo hakumpandikizii wazo hilo. Tanzania na Kenya, namba 116 ya watoto hupigwa bure.

Dhana: Kahawa nyeusi na maji baridi huondoa ulevi

Haviondoi, ini haliharakishwi. Aliyezimika mlaze ubavu, usimtapishe, usimwache peke yake. Hesabu pumzi zake: zikipungua chini ya 8 kwa dakika, au zikikatika kwa sekunde 10, awahishwe hospitali. Vivyo hivyo akiwa wa baridi, midomo ikibadilika rangi, au akishindwa kuamka. Kama alikunywa gongo au chang'aa na kesho yake anaona ukungu, huenda ni methanoli, pombe yenye sumu: apelekwe hospitali saa hiyohiyo, hata kama anatembea na kuongea vizuri.