Virusi vya Mafua Baada ya UVIKO-19: Maswali ya Wazazi wa Dodoma

Wakati wa UVIKO-19 tulisikia kwamba mafua yalipungua sana duniani. Yalikwenda wapi?

Hayakwenda popote. Virusi vya njia ya hewa haviwezi kuendelea kuwapo bila kupita kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine, na shule, safari na mikusanyiko ilipositishwa, vilikosa pa kupita. Homa ya mafua ilikaribia kutoweka katika nchi nyingi mwaka 2020 na 2021, na aina yake moja, B/Yamagata, haijathibitishwa kuonekana tena tangu Machi 2020. Rinovirusi, vinavyoleta mafua mepesi, viliendelea kusambaa, pengine kwa sababu havina lile tabaka la mafuta ambalo vitakasa mikono hulivunja kirahisi.

Kwa nini vingine vilirudi kwa kishindo, tena nje ya msimu?

Tuchukue virusi vya RSV, ambavyo hushambulia zaidi mapafu ya watoto wachanga. Kwa kawaida karibu kila mtoto huwa ameviambukizwa kabla ya kutimiza miaka miwili. Vilipozuiwa, wakaongezeka watoto ambao hawajawahi kukutana navyo, na mama ambaye naye hakuambukizwa kwa muda mrefu humrithisha mtoto aliye tumboni kinga pungufu. Masharti ya kujikinga yalipolegezwa, virusi vilikuta watu wengi wasio na kinga navyo, ndiyo maana Australia ilipata mlipuko katikati ya kiangazi, mwishoni mwa 2020, badala ya majira ya baridi. Wanaosema kwamba kinga ya mwili ilidhoofika kwa kukosa kazi wanapotosha: kilichopungua ni kinga dhidi ya virusi fulani tu.

Je, hiyo ndiyo sababu watoto wetu wanakohoa kila kipupwe?

La. Shule zetu zilifungwa Machi 17, 2020, na zote zikawa zimefunguliwa Juni 29 mwaka huohuo, kwa hiyo pengo letu lilikuwa fupi. Maelezo ya Australia hayafai kuhamishiwa Chamwino au Kongwa yalivyo. Mwezi Juni na Julai baridi na upepo huwafanya watu wafunge madirisha na kulala wakiwa wamebanana, na vumbi pamoja na moshi wa mkaa huzidisha kikohozi hata pasipo virusi.

Ninunue antibayotiki dukani?

Haziui virusi. Subiri mtaalamu aamue.

Nimpeleke zahanati lini?

Mara moja, iwapo mtoto hawezi kunyonya au kunywa, ana degedege, au sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta hewa. Hesabu pia pumzi zake kwa dakika nzima akiwa ametulia, huku umeinua nguo yake ili uone tumbo: pumzi 60 au zaidi kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, 50 kwa wa miezi miwili hadi kumi na mmoja, na 40 kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, ni dalili ya kutolala naye nyumbani usiku huo.